Seli zangu za mmea zinagawanyika zinakuwa vijiti, na jani halitaki kuwa jani

mwanzi_koda

Wakuu habari zenu. Naomba msaada maana hii wiki ya tatu nimekwama na kichwa kinauma. Natengeneza simulesheni ndogo ya tishu ya mmea kwa Python, ya bapa tu, kila seli ni pembenyingi yenye vipeo vyake, inakua, ikifika mara mbili ya ukubwa ilioanza nao inagawanyika, halafu watoto nao wanakua, basi inaendelea hivyo hivyo. Nia yangu nianze na seli moja nipate kitu kinachofanana na jani, hata likiwa jani baya sawa, ila mtu akiliona aseme hili jani.

Sasa kinachotokea ni vituko. Vizazi vinne vitano vya mwanzo viko poa, kuanzia cha saba hivi naanza kuona seli nyembamba kama vijiti, zingine pembetatu kali kama vipande vya kioo kilichovunjika. Halafu kuna nyufa, yaani seli mbili zilizokuwa jirani zinaachana katikati panabaki uwazi mweupe ambao sijauomba. Tatu zinagawanyika zote kwa pamoja, tishu inatulia inatulia halafu paa, 64 zinakuwa 128 hatua ile ile. Na mwisho wa yote umbo la jumla ni duara. Nimebadilisha kila kitu nilichoweza kubadilisha, duara. Nimeanza na seli ndefu, duara lililonyooka kidogo.

Navyofanya: mgawanyiko natafuta kitovu cha seli napitisha mstari kwa pembe ya randamu nakata. Ukuaji, kila seli ina eneo lengwa ambalo naliongeza kidogo kila hatua, programu inasogeza vipeo mpaka eneo halisi likaribie lengwa, na mzingo nao una gharama yake kidogo. Sehemu kubwa ya msimbo nimeirithi kwenye modeli ya ngozi ya mabawa ya inzi, nikadhani seli ni seli tu.

Hisia yangu tatizo lote ni kanuni ya kukata. Nikipata kanuni sahihi ya wapi ukuta mpya upite nadhani umbo litakuja lenyewe. Ipi ni sahihi? Nisaidieni kabla sijaitupa kompyuta dirishani.

kipeo_cha_tatu

Mkuu "seli ni seli tu" ndo kosa la kwanza hapo. Kwenye msimbo wa inzi lazima kuna sehemu inayoruhusu majirani wabadilishane, ukuta ukifupika sana unatoweka na seli mbili ambazo hazikuwa jirani zinashikana. Itafute uifute yote. Seli za mnyama zinaweza kupishana, za mmea zimegandishwa kwa pektini (gundi ya kuta za seli) ukuta kwa ukuta, jirani uliyezaliwa naye ndo jirani wa kufa naye. Mmea unapata umbo kwa kukua na kugawanyika peke yake, hakuna kuhama. Ndo maana modeli zake kwa upande mmoja ni rahisi kuliko za wanyama, na kwa upande mwingine kosa lolote ulilofanya kizazi cha pili litakufuata mpaka mwisho.

Kuhusu nyufa, nakisia bila hata kuona msimbo wako: kila seli ina orodha yake binafsi ya vipeo, si ndio? Ukikata seli unaongeza vipeo viwili vipya kwenye kuta zake mbili, ila kuta zile ni za jirani pia. Jirani hajaambiwa. Yeye bado anaona ukuta wake umenyooka kutoka kona hadi kona, wewe umeweka kiungo katikati, kikivutwa kinaondoka na upande wako tu. Weka vipeo vyote kwenye jedwali moja la pamoja, seli iwe na namba za vipeo tu, na kila ukuta ujue seli zake mbili.

Namna ya kujikagua: seli ya pande n ikigawanyika, watoto wake wawili wakijumlishwa lazima wawe na pande n + 4, na majirani wawili kila mmoja aongezeke upande mmoja. Ukihesabu ukakuta jirani hajaongezeka umeshapata bagi, yaani kosa la msimbo. Na ukiacha iendelee muda mrefu wastani wa pande unatakiwa kukaribia 6, hiyo ni jiometri tu wala si biolojia, vipeo vikiwa vya kuta tatu tatu hakuna pa kukimbilia.

bi_klorofili

Nimecheka hapo kwa kutupa kompyuta, pole sana mwanangu, usiitupe bado.

Mie nafundisha biolojia, hesabu zenu nazifuata kwa mbali, ila hili la wapi ukuta upite ni swali la zamani kweli. Hofmeister mwaka 1863 alisema ukuta mpya unakaa kukatiza mwelekeo ambao seli imekua zaidi. Sachs 1878 akaongeza kwamba unakutana na ukuta wa zamani kwa pembe mraba. Halafu miaka ya 1880 Leo Errera, Mbelgiji, akaja na wazo ambalo mpaka leo ndo nalipenda kuliko yote, kwamba ukuta mchanga wakati unazaliwa unafanya kama utando wa povu la sabuni, unatafuta njia yenye eneo dogo kabisa ya kugawa chumba nusu kwa nusu. Ukichukua fremu mbili tatu za waya ukazichovya kwenye maji ya sabuni unaona mwenyewe utando unavyokimbilia ufupi.

Kwa hiyo pembe ya randamu ndo inayokuletea vijiti. Seli iliyo ndefu tayari ukiikata kwa urefu wake unapata watoto wembamba, nao wakikatwa kwa urefu tena, hesabu mwenyewe kizazi cha saba watakuwaje. Kata kwa njia fupi inayopita kitovuni, vijiti vitaisha siku hiyo hiyo.

Ila ujue kwamba seli yenyewe haikati kwa kisu. Kabla ya mgawanyiko kiini kinasogea kinakaa mahali pake, halafu chini ya utando kunajipanga mkanda wa mikrotubu (vijibomba vyembamba vya protini) kuzunguka seli, mkanda ule unaonyesha ukuta utakapogusa, kisha unatoweka! Ukuta wenyewe unaanzia katikati unatanuka kwenda nje mpaka uguse pale pale mkanda ulipokuwa. Mpaka leo nikiieleza hii darasani mwili unasisimka.

mwanzi_koda

Jamani asanteni. kipeo_cha_tatu umenisoma kama vile umekaa pembeni yangu, kweli kila seli ilikuwa na orodha yake. Nimeandika upya usiku kucha, jedwali moja, nyufa zimeisha zote. Hesabu ya n + 4 nimeiweka kama kipimo kila baada ya mgawanyiko, ikikosea programu inasimama.

Bi klorofili shikamoo, nimeweka njia fupi, vijiti vimeisha pia. Lakini sasa tishu imekuwa nzuri mpaka inatia shaka, seli zote zinafanana kama vigae, nikilinganisha na picha za hadubini za kweli naona zile zina fujo fulani yangu haina. Na bado 64 zinaruka 128. Na bado duara.

sufuri_moja

Marahaba kwa niaba ya bi mkubwa, naingilia tu.

Fujo unayoikosa ina jibu. Kanuni ya Errera ni nzuri ila seli haziitii kila mara. Besson na Dumais walichapisha mwaka 2011 kazi ambayo wewe ungepaswa kuiona siku ya kwanza. Walichukua seli zinazogawanyika nusu kwa nusu kwenye mimea kadhaa, mmojawapo ule mwani wa duara Coleochaete, wakahesabu kwa kila seli njia zote fupi kiasi ambazo ukuta ungeweza kupita. Mara nyingi kuna zaidi ya moja, kuna fupi kuliko zote, kuna inayoifuata kwa karibu, kuna ya tatu. Wakakuta seli zinachagua kwa bahati nasibu yenye upendeleo: njia mbili zikikaribiana urefu zinapata nafasi karibu sawa, moja ikiwa ndefu sana inachaguliwa kwa nadra mno. Uwezekano unashuka kwa kasi ya eksponenti (exponential) kadiri tofauti ya urefu inavyopanda ukilinganisha na ukubwa wa seli yenyewe. Mtu wa fizikia akiiona anaitambua hapo hapo, ni sura ile ile ya fomula ya Boltzmann, ambayo hali yenye nishati ndogo ndo inatokea mara nyingi.

Kwa msimbo wako: zungusha mstari unaopita kitovuni kila nyuzi 5 mfano, pima urefu wa kila mmoja, tafuta mabonde (yaani pale urefu unapofikia udogo kuliko wa jirani zake wa kushoto na kulia), halafu chagua bonde kwa uzito huo. Usichague kati ya mistari yote 36, chagua kati ya mabonde tu. Na mstari ukidondokea karibu sana na kona iliyopo usogeze kidogo, mimea haipendi kuta nne zikutane sehemu moja, ndo maana tishu zinafanana na ukuta wa matofali yaliyopishana.

La 64 kuruka 128 ni rahisi, umewapa wote saa moja. Mama akikatwa nusu kamili na watoto wakakua kwa kasi moja wanafika kikomo dakika moja. Weka tofauti ndogo kwenye kikomo cha kila seli, asilimia 10 hivi, na uache mstari usigawe nusu kamili. Vizazi vitatu vinne saa zitakuwa zimeachana.

bi_klorofili

Marahaba mwanangu, na huyo anayeitikia kwa niaba yangu nimemwona 😂

Kwenye hilo la ukubwa nichomekee. Seli kutokuwa sawa ni kawaida kabisa, hata kwenye ncha ya chipukizi ambako ungetegemea nidhamu, mama anatoa mtoto mkubwa na mdogo, lakini baada ya muda ukubwa unarudi kukaribiana. Mwaka 2021 watafiti wa Arabidopsis (mmea mdogo unaotumika sana maabara) walionyesha kwamba kuna protini inayozuia seli isianze kunakili DNA, inaitwa KRP4, inakaa imeshikana na DNA wakati wa mgawanyiko, kwa hiyo kila mtoto anarithi kiasi sawa hata kama mmoja ni mdogo wa mwili. Kwa mdogo kizuizi kinakuwa kikali, anangoja, anakua kwanza. Kwa mkubwa kinakuwa chepesi. Seli inatumia DNA yake kama mizani! Hiyo unaweza kuiweka kwenye programu kwa mstari mmoja.

nafuatilia_tu

Sina cha kuongeza niko hapa nasoma. Endeleeni.

kipeo_cha_tatu

Turudi kwenye duara, maana naona wote tunaizunguka wakati ndo swali lenyewe.

Mkuu kanuni ya kukata haitakupa jani. Hata ukiweka ile bora kuliko zote. Kukata viwanja hakubadilishi mipaka ya shamba, unaweza kugawa shamba vipande kumi au elfu, kwa mraba au kwa mshazari, mpaka wa nje uko pale pale. Kinachosogeza mpaka ni ukuaji, na ukuaji wako wewe ni eneo lengwa tu, eneo halina mwelekeo. Umeambia kila seli iwe kubwa, hujaiambia iwe kubwa kuelekea wapi. Kitu kinachotanuka sawa pande zote kinabaki na umbo kilichoanza nalo, na gharama ya mzingo uliyoweka inakizungusha zaidi, kwa hiyo duara ni jibu sahihi la swali ulilouliza.

sufuri_moja

Hapo nakupinga kidogo, unakata kwa shoka. Ukuta mpya si mstari kwenye ramani, ni kitu chenye nguvu, ukiongeza kuta zote kuelekea upande mmoja tishu inakuwa ngumu upande ule. Mgawanyiko unaathiri ukuaji.

kipeo_cha_tatu

Unaathiri, sikatai, ila swali ni nani dereva. Kuna majaribio ya zamani. Haber mwaka 1962 alitumia ngano iliyopigwa mionzi ya gama mpaka seli zikashindwa kugawanyika kabisa, mbegu zikaota hivyo hivyo, majani yakatoka madogo yana seli kubwa kubwa, lakini ukiyaangalia ni majani ya ngano. Kuna mahindi yenye hitilafu ya jeni inayoitwa tangled, ilielezwa 1996, kuta mpya zinapita ovyo, ukichungulia kwa hadubini ni vurugu tupu, umbo la jani linakaribia la kawaida. Na majani mengi ukiyapunguzia idadi ya seli zile zilizobaki zinakuwa kubwa kufidia. Tangu karne ya 19 de Bary alishasema ni mmea unaotengeneza seli, siyo seli zinazotengeneza mmea.

bi_klorofili

Ila usiwafanye seli watazamaji tu kaka. Kiinitete kichanga cha Arabidopsis kimepimwa seli kwa seli na kazi ikatoka 2014: pale auksini (homoni ya ukuaji ya mmea) inapofanya kazi yake baadhi ya seli zinaacha njia fupi makusudi zinakata kwa njia ndefu, na ukiizima seli isiisikie auksini zinarudi kwenye njia fupi ile ya Errera. Kwa hiyo njia fupi ni kama tabia ya kawaida ikikosekana amri, amri ikija inapita juu yake. Na bila hizo amri tabaka za ndani na nje hazijipangi. Kukata viwanja hakubadilishi mpaka wa shamba sawa, lakini kunaamua nani anaishi wapi.

kipeo_cha_tatu

Hiyo nimeikubali bi mkubwa.

mwanzi_koda

Sasa mmenichanganya kwa namna nzuri. Kwa hiyo niweke mwelekeo kwenye ukuaji. Naufanyaje? Nianze kuvuta vipeo kwenda juu kwa nguvu? Nikijaribu hivyo tishu inanyooka kama mpira halafu nikiachia inarudi.

sufuri_moja

Inarudi kwa sababu umechanganya kunyumbuka na kukua, na wengi wanaanguka hapo hapo mimi nikiwemo.

Achana na eneo lengwa kwanza, fikiria seli ilivyo. Ndani kuna maji yanasukuma kwa shinikizo la megapaskali 0.3 mpaka 1 hivi, tairi la gari dogo linabeba kama 0.2. Hiyo yote inashikwa na ukuta mwembamba ajabu. Piga hesabu: seli ya mcheduara, nusu kipenyo mikromita 10, unene wa ukuta 0.2, shinikizo 0.5. Mkazo (nguvu kwa kila eneo la ukuta) wa kuzunguka mwili ni 0.5 × 10 / 0.2 = megapaskali 25. Mkazo wa kwenda urefu ni nusu yake, 12.5. Sasa ona ajabu, mkazo mkubwa uko kwenye kuzunguka, kwa hiyo ukuta ukiwa na ugumu sawa pande zote seli inanenepa badala ya kurefuka, shina lingekuwa puto. Lakini mashina yanarefuka. Siri ni nyuzi za selulosi, zinazungushwa mwilini kama pete za pipa, zinazuia unene zinaachia urefu.

Kwa hiyo kwenye modeli kila kipande cha ukuta kifanye springi yenye urefu asilia. Shinikizo linausukuma, springi inavutika, hapo bado ni kunyumbuka, ukitoa shinikizo inarudi. Kukua ni pale urefu asilia wenyewe unapobadilika. Lockhart aliandika hii 1965 kwa fomula fupi kuliko zote ninazozijua kwenye biolojia: kasi ya kukua ni ulegevu wa ukuta mara (shinikizo toa kizingiti). Chini ya kizingiti ukuta unavutika lakini haukui. Juu yake unalegea na kubaki hivyo. Kwenye msimbo kila hatua unafanya mambo mawili, kwanza sogeza vipeo mpaka nguvu zitulie kabisa, halafu kwa kila springi iliyovutika kupita kizingiti ongeza urefu asilia kwa sehemu ndogo ya ziada ile. Rudia. Usiweke uzito wala kasi ya mwendo, seli hazina habari na hiyo, zinakua kwa saa na siku wakati nguvu zinatulia papo hapo.

Mwelekeo unaupata kwa ulegevu. Kuta zinazoelekea urefu wa jani zipe ulegevu mkubwa, za kukatiza mdogo. Wala usizidishe, tofauti ndogo inatosha kwa sababu inajizidisha yenyewe. Tuseme kwa mfano urefu unakua asilimia 2 kwa saa na upana asilimia 1. Baada ya saa 69 hivi upana umekuwa mara 2, urefu mara 4. Zidisha muda mara mbili, upana mara 4 urefu mara 16. Duara lako limekuwa kitu chembamba mara nne bila seli hata moja kuhama.

bi_klorofili

Na ukuta ukikomaa ulegevu unaisha, hilo usilisahau, udongo uwahi ungali maji. Kwenye jani la kweli la mimea mingi ncha inakomaa kwanza, seli zinaacha kugawanyika zinabaki kutanuka, na hiyo hali inashuka kuelekea kikonyoni. Kwa hiyo ulegevu ushuke kwa muda ukianzia juu.

sufuri_moja

Swali linalofuata utauliza nani anaambia selulosi izungukie wapi. Mikrotubu zilionekana kwenye seli za mimea 1963, na 2006 watu waliona moja kwa moja kwa hadubini mashine za kusuka selulosi zikitembea kufuata njia za mikrotubu. Kisha 2008 Hamant na wenzake wakaonyesha kwenye ncha ya chipukizi kwamba mikrotubu zinajipanga kufuata mkazo mkubwa kuliko yote. Sasa unganisha mduara: umbo linaleta mkazo, mkazo unapanga mikrotubu, mikrotubu zinapanga selulosi, selulosi inaamua ukuaji uende wapi, ukuaji unaleta umbo jipya. Na 2016 ikaonekana hata ukuta mpya kwenye ncha ile unapenda kufuata mkazo mkubwa kuliko kufuata njia fupi, hasa pale kwenye mikunjo kati ya ncha na kichomozi kipya (kiungo kinachoanza kuchipuka) ambako mkazo umeegemea upande mmoja. Kwa hiyo Errera yuko sahihi pale mkazo ulipo sawa pande zote. Lakini wewe usianze na mduara huo wote! Weka mwelekeo kwa mkono kwanza, kikundi cha Coen walitoa umbo zuri la jani la Arabidopsis mwaka 2012 kwa uwanja wa mwelekeo unaopangwa tangu jani likiwa changa, bila kuchora seli moja moja.

msoma_jioni

Samahani kwa kuingia katikati, mie si mtaalamu, kwani kazi yote hii haijafanywa na mtu tayari? Hakuna programu ya bure?

kipeo_cha_tatu

Zipo. VirtualLeaf ya 2011 inafanya karibu kila anachotaka yeye, ya bapa, imeandikwa kwa C++, seli zinagawanyika kwa mhimili mfupi na homoni zinapita kwenye kuta. MorphoGraphX ni ya kupima picha za hadubini, ukitaka namba za kweli za kulinganisha. Ila akitumia ya mtu asingejua kwa nini nyufa zinatokea. Kuandika yako mara moja kunafundisha, baada ya hapo tumia ya watu.

Kama unataka kitu cha nusu saa basi rudi kwa Lindenmayer 1968, alianza na mwani ulio kama uzi, seli aina A inakuwa AB, seli aina B inakuwa A, unapata 1, 2, 3, 5, 8. Hakuna shinikizo wala kuta, maandishi tu yanayojibadilisha, na yanachora matawi mazuri. Lakini hayakuambii kitu kuhusu nguvu.

mwanzi_koda

Nimerudi baada ya siku tisa. Wakuu nina jani!

Springi, urefu asilia, kizingiti, ulegevu mara mbili kwa upande wa urefu, unashuka kuanzia ncha kwenda chini kama bi mkubwa alivyosema. Kukata ni kwa mabonde yenye uzito. Seli 900 na kitu, lina ncha, lina kiuno karibu na kikonyo, nimemwonyesha mtu ambaye hajui chochote akasema "hili jani la nini". Sijalala kwa furaha.

Halafu nikafanya kitu ambacho kipeo_cha_tatu alikuwa ananichokoza nacho. Nimezima mgawanyiko kabisa nikaacha kukua tu, nimeanza na seli 16. Umbo la nje limetoka karibu lile lile. Wiki tatu nimezipoteza kwenye kanuni ya kukata!

Ila si lile lile kabisa. Lisilogawanyika limekuwa pana kidogo zaidi, na kuta za seli zake kubwa kule nje zimevimba kama mito. Kama kukata viwanja hakubadilishi mpaka, mbona mpaka umesogea?

sufuri_moja

Nilisema.

kipeo_cha_tatu

Ulisema, haya.

Mkuu majibu mawili, moja la biolojia na moja la msimbo, na wewe nadhani unayo yote mawili. La biolojia: seli kubwa inabeba mkazo mkubwa kwenye ukuta wake kwa shinikizo lile lile, rudia hesabu ya sufuri_moja uweke nusu kipenyo 40 badala ya 10 uone, kwa hiyo inavimba. Mimea inalijua hilo. Zile seli za ngozi ya jani zenye umbo la fumbo la vipande, zinazoingiana kama meno, kuna kazi ya 2018 inayoonyesha ni njia ya seli kuwa kubwa bila kuwa na sehemu pana iliyo wazi, mkazo unabaki chini.

La msimbo: kila ukigawa unaongeza springi. Tishu ya seli 900 ina springi za kukatiza nyingi kuliko ya seli 16, na kwa sababu unakata njia fupi kwenye seli zinazorefuka, kuta zako mpya nyingi zimelala kukatiza. Umejenga pete za pipa bila kujua, ndo maana la mgawanyiko limekuwa jembamba. Sasa niambie, ukuta mpya ukizaliwa unaupa urefu asilia gani?

mwanzi_koda

Urefu ule ule wa mstari niliokata.

kipeo_cha_tatu

Basi unazaliwa haujavutika wakati kuta zote zinazouzunguka zimevutika tayari. Mwanzoni haubebi kitu, unaanza kubeba tishu ikishatanuka kidogo. Jaribu kuupa urefu asilia mfupi kiasi kwamba uwe na mvutiko sawa na wastani wa kuta za mama yake, halafu endesha mara mbili, ukiwa na huo na bila huo, mbegu ya namba za randamu iwe moja ili bahati nasibu irudie ile ile. Tofauti ya upana ikikua tatizo lipo hapo. Ikibaki vile vile basi ni idadi ya springi, na utahitaji kugawa ugumu kwa wingi wa kuta zilizopo eneo lile.

mwanzi_koda

Inaendeshwa sasa hivi, iko hatua ya 4,000 kati ya 20,000 na feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Ikimaliza naweka picha zote tatu.

nafuatilia_tu

Bado niko hapa.